Hariri sio kitambaa tu: kilichomo ndani ya uzi wa kiwavi

Mtu akisikia hariri anawaza skafu, gauni, shuka laini, basi. Ni kweli kitambaa chake ni kizuri sana, ila kwa sisi tunaofanya utafiti wa maada hariri ni protini kwanza, iko ukoo mmoja na nywele, kucha na ute wa yai, na nguvu zake zote zinatokana na jinsi protini hiyo inavyojikunja. Ukishaelewa hilo moja tu, mengine yote utayafuata bila shida.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Kiwavi anayefugwa, jina lake la kisayansi Bombyx mori, anakula majani ya mforsadi karibu mwezi mzima mpaka ananenepa, alafu siku moja anaacha kula, anatafuta kona, anaanza kuchezesha kichwa kama anaandika namba 8, anarudia hivyo hivyo siku mbili tatu bila kuchoka mpaka amejifungia ndani ya kifukofuko. Uzi wa kifukofuko kimoja ukiunyoosha unafika mita 600 mpaka 900, wakati mwingine zaidi, na haujakatika popote. Ukiuweka kwenye hadubini unaona kumbe ni nyuzi mbili zimelala pamoja, kwa sababu kiwavi ana tezi mbili za hariri, na zimeshikanishwa na gundi. Nyuzi za ndani ni fibroini, gundi ya nje ni serisini, na hiyo serisini peke yake inafika kama robo ya uzito wote.

Sasa hapa ndio penyewe. Ndani ya zile tezi hakuna uzi hata kidogo, kuna kimiminika kizito, yaani protini iliyoyeyuka kwenye maji. Kiwandani ukitaka kutengeneza uzi wa nailoni lazima uiyeyushe kwenye joto la zaidi ya nyuzijoto 200, kiwavi yeye anafanya kazi yake kwenye joto la kawaida la chumba, kwa maji tu! Kimiminika kinasukumwa kwenye mrija unaozidi kuwa mwembamba, njiani asidi inaongezeka kidogo kidogo, chumvi zinabadilika, maji yanaondolewa, na kile kichwa kinapovuta molekuli zinalazimika kujipanga upande mmoja. Fibroini imejaa glisini na alanini, amino asidi (vile vipande vinavyounda protini) ndogo kuliko zote, kwa hiyo minyororo yake inaweza kulala karibu karibu kama kurasa za kitabu kilichofungwa, na hapo zinapatikana fuwele ndogo sana ngumu sana. Katikati ya fuwele na fuwele inabaki minyororo iliyolegea. Fuwele zinabeba mzigo, sehemu zilizolegea zinavutika, ndio maana uzi wa hariri unaweza kurefuka kama asilimia 15 mpaka 20 kabla haujakatika.

Na hapa niseme kidogo kuhusu ile kauli kwamba hariri ina nguvu kuliko chuma, maana inasambaa bila maelezo. Ukilinganisha kwa uzito ule ule hariri nzuri inashinda chuma, kwa sababu chuma ni kizito kama mara 6 kwa ujazo. Ila kinachotushangaza zaidi watafiti ni ushupavu wake, yaani nishati inayoweza kumezwa na uzi kabla haujakatika, na hapo bingwa sio kiwavi, ni buibui. Yupo buibui wa Madagaska anaitwa Caerostris darwini, alitangazwa kwa wanasayansi mwaka 2010, anavusha uzi wa utando wake juu ya mto mpaka mita 25, na hariri yake ni miongoni mwa vitu vya asili vishupavu kuliko vyote vilivyowahi kupimwa. Tatizo buibui hafugiki, ukiwaweka wengi pamoja wanalana. Kwa hiyo watafiti wakaamua kuhamisha jeni, na mwaka 2023 timu ya China ilitangaza kwamba imemfanya kiwavi wa kawaida atoe uzi wenye protini ya buibui, kwa kuhariri DNA yake. Mimi naona hii ndio njia yenye matumaini zaidi, kwa sababu kiwavi tayari ana mtambo wa kusokota na sisi hatujaweza kuuiga vizuri.

Turudi maabara, kuna kitu kinanifurahisha kila nikikionyesha wanafunzi. Unaweza kurudisha uzi uwe kimiminika tena. Unachemsha vifukofuko na magadi serisini inatoka, fibroini inayobaki unaiyeyusha kwenye chumvi nzito ya lithiamu bromaidi, alafu unaichuja chumvi kwa maji safi taratibu, unabaki na maji ya hariri. Kutoka hapo unamwaga unavyotaka: ukikausha unapata karatasi angavu kama kioo, ukigandisha na kukausha unapata sponji, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts kule Marekani wamechonga mpaka skrubu za kushikia mfupa, wakazijaribu kwa panya. Kubwa zaidi ni kwamba unaweza kuamua kitu hicho kidumu muda gani. Fuwele zikiwa chache kinayeyuka ndani ya maji kwa dakika, ukiziongeza kinakaa mwilini miezi mpaka zaidi ya mwaka, alafu mwili unakivunja kuwa amino asidi za kawaida na hakuna haja ya kumfungua mgonjwa tena kukitoa.

Madaktari wameshonea vidonda kwa hariri tangu zamani, lakini ikafika wakati sifa yake ikaharibika kwa sababu baadhi ya wagonjwa walipata mzio na uvimbe. Baadae ikaja kueleweka kwamba fibroini ilikuwa inabebeshwa lawama za serisini iliyokuwa haijasafishwa vizuri. Hili naomba likumbukwe na yeyote anayefikiria kutumia hariri mbichi kwenye kidonda, USIFANYE HIVYO, ya hospitali imesafishwa na kupimwa.

Lingine ambalo mimi nalipa uzito sana ni dawa na chanjo. Mwaka 2012 watafiti wa Tufts walionyesha kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela ikifungiwa ndani ya hariri iliyokaushwa inabaki na sehemu kubwa ya nguvu yake hata baada ya miezi 6 kwenye nyuzijoto 45, bila friji. Protini ya hariri inaishikilia ile chanjo isitikisike wala isijikunje vibaya. Kwa mtindo unaokaribiana, mwaka 2016 walipaka stroberi na ndizi tabaka jembamba la hariri lisiloonekana, likapunguza upotevu wa maji na kasi ya tunda kupumua, matunda yakakaa siku zaidi bila kuoza.

Na ile serisini? Miaka mingi viwanda vimekuwa vinaimwaga na maji machafu, ikifika mtoni inakula oksijeni ya samaki. Sasa hivi inaanza kukusanywa, inatumika kwenye vipodozi kwa sababu inashika unyevu, na kwenye maabara inasaidia kulinda seli hai wakati wa kuzigandisha.