Chungu Kimoja kwa Watu Wawili: Fondyu ya Jibini kwa Mtoko wa Jioni Kigoma

Miongoni mwa milo ninayoandaa kwa wanandoa wanaotoka jioni hapa Kigoma, fondyu ya jibini ndiyo inayonilazimu kuzungumza na wageni kabla hawajaketi. Milo mingine huikamilisha jikoni na kuipeleka mezani ikiwa tayari. Fondyu humalizikia mikononi mwa walaji wenyewe, na wasipojua kinachotendeka ndani ya chungu, jibini hukatika mbele yao, mafuta yakaelea juu na donge gumu kama mpira likabaki chini. Ninaandika maelezo haya kwa ajili ya mume na mke wanaoufikiria mlo huu kwa mara ya kwanza, iwe ni hotelini au nyumbani kwao.

Fondyu ya asili ni jibini iliyokunwa na kuyeyushwa ndani ya divai nyeupe, katika chungu kizito kilichosuguliwa kitunguu saumu. Chungu huwekwa katikati ya meza juu ya jiko dogo la spiriti, na kila mlaji huchoma kipande cha mkate kwa uma mrefu, akakichovya, akakizungusha na kukila kingali moto. Mapishi ya namna hii yamo katika kitabu cha mwaka 1699 kutoka Zürich, kwa hiyo ile hadithi maarufu kwamba ni chakula cha wachungaji maskini wa milimani haielezi mambo yote. Kilichokifanya kuwa chakula cha taifa zima la Uswisi ni kampeni ya karne ya 20: chama cha wauza jibini kilichoundwa mwaka 1914, Schweizerische Käseunion, kilianza katika miaka ya 1930 kukitangaza ili jibini iuzike zaidi. Maonyesho ya dunia ya New York ya mwaka 1964 yakawapelekea Wamarekani ladha hiyo, nao wakaendeleza desturi ya kuupanga usiku mzima kwa vyungu vitatu: cha jibini, cha supu au mafuta ya moto kwa nyama na samaki, na cha chokoleti. Kwa watu wawili naona vyungu vitatu ni vingi mno. Nawashauri wachague viwili.

Swali ninaloulizwa kuliko yote linahusu divai. Wageni wetu wengi, hasa wanaotoka Ujiji, ni Waislamu, na wengi huja wakiamini kwamba fondyu isiyo na divai ni fondyu pungufu. Sikubaliani nao, na sababu yangu imo katika jibini yenyewe. Jibini ni mtandao wa protini iitwayo kaseini, ulioshikamanishwa na kalsiamu, na ndani yake yamenaswa mafuta na maji. Ukiipasha moto, mafuta huanza kulainika katika nyuzi joto 32 hivi, muda mrefu kabla ya protini kulegea, kwani protini za jibini ngumu kama zile za Uswisi huhitaji kufikia nyuzi 65 hivi. Katika pengo hilo mafuta hutoroka. Divai husaidia kwa sababu ina asidi ya tartariki, ambayo huikamata kalsiamu na kuzifanya protini ziachane na kuenea vizuri katika maji, zikiyazunguka matone ya mafuta yasiungane. Asidi ya sitriki iliyomo katika limau na ndimu hufanya kazi hiyohiyo, na huifanya vizuri sana. Walter Gerber na Fritz Stettler wa mji wa Thun, waliobuni jibini ya kusindikwa mwaka 1911, walitumia chumvi ya asidi hiyo. Siki haiwezi kuchukua nafasi ya limau, kwa kuwa asidi yake ina uchachu lakini haina nguvu ya kuikamata kalsiamu.

Kwa hiyo, kwa gramu 400 za jibini, ambazo zinawatosha watu wawili wenye njaa, ninatumia mililita 180 za supu nyepesi ya mboga isiyo na chumvi, pamoja na vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau. Mtu asidhani kipimo hicho ni kidogo akaongeza kwa kukisia, kwa sababu asidi ikizidi hugeuka adui: protini hurudi kushikana na fondyu hugeuka chembechembe, kama maziwa yanavyokatika. Maziwa siyatumii badala ya supu, maana yanaongeza kaseini na kalsiamu ileile tunayojitahidi kuidhibiti.

Asidi ndiyo nguzo ya kwanza ya fondyu, na nguzo ya pili ni wanga. Punje za wanga zikivimba hufanya maji yawe mazito na kujipenyeza kati ya protini zisishikane. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zürich walichapisha vipimo vyao vya uzito na mtiririko wa fondyu, na walionyesha kwamba panahitajika angalau gramu 3 za wanga kwa kila gramu 100 za mchanganyiko ili usitengane. Kwa chungu cha watu wawili, hizo ni takriban gramu 18, yaani vijiko viwili vikubwa vya wanga wa mahindi. Ninauchanganya na jibini iliyokunwa ingali kavu, kabla ya kuitia katika supu. Unga wa muhogo tunaosongea ugali si wanga mtupu, una nyuzinyuzi, na huacha chenga ulimini. Wanga halisi wa muhogo unafaa, ila fondyu yake huvutika zaidi, jambo ambalo wengine hulipenda.

Uswisi hutumia Gruyère, ikichanganywa na Emmental au na Vacherin ya Fribourg, na gharama ya kuzifikisha jibini hizo Kigoma haina maana kwangu. Jibini hutengenezwa nchini, Njombe ikiwa miongoni mwa sehemu zinazojulikana, na aina ya gouda iliyokaa miezi kadhaa ndiyo ninayoitafuta. Kukaa kwake kuna faida kubwa: vimeng'enya hukatakata protini ndefu kuwa fupi, na protini fupi huyeyuka laini. Mozzarella changa ina protini ndefu bado, ndiyo maana huvutika kamba hadi mlaji anashindwa kuikata. Ninaiongeza robo tu, kwa ajili ya wageni wanaoifurahia kamba hiyo. Jibini za aina ya halloumi na paneer haziyeyuki hata ukizichemsha mchana kutwa. Mgeni anayejali chanzo cha kimeng'enya kilichogandisha maziwa, kama ni cha mnyama au cha vijidudu, ana haki ya kuuliza, na mpishi anapaswa kuwa na jibu kabla ya kuagiza mzigo.

Nguzo ya tatu ni moto, na hapa ndipo wenyeji wa meza hukosea kwa nia njema, kwa kudhani kwamba chakula kinachochemka ndicho salama. Fondyu haichemshwi. Inatakiwa itoe viputo vichache vivivu, na moto ukizidi protini hujikaza na kuyakamua mafuta na maji. Jiko la spiriti lenye kifuniko cha kupunguzia moto ndilo bora. Mshumaa mdogo hautoshi kwa jibini. Jiko la mkaa silipeleki mezani kamwe: joto lake halipunguziki kwa haraka, na ndani ya chumba hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua. Wanaopenda kuketi barazani kuelekea ziwa wakumbuke kwamba katika kiangazi upepo wa kusini mashariki huulaza mwali upande mmoja, chungu kikaungua huku na kupoa kule, kwa hiyo nawawekea meza nyuma ya ukuta, hata kama mandhari inapungua.

Vyungu vya udongo vinavyouzwa sokoni vinafaa kwa jibini, kwa sababu udongo hupokea joto polepole na kulitunza. Kiwe kinene, kipashwe moto taratibu kisipasuke, na kisitumike kwa samaki kisha kwa jibini, kwani udongo usio na utando unaong'aa kama kioo hunyonya mafuta na harufu.

Sasa walaji wenyewe. Mkate wa slesi uliookwa leo huvunjika chunguni. Mkate wa jana wenye ganda, uliokatwa vipande ambavyo kila kimoja kina sehemu ya ganda, ndio unaoshika, na uma upite kwenye nyama ya mkate kwanza kisha utokee kwenye ganda. Hata hivyo chaguo langu la kwanza hapa Kigoma ni muhogo wa kuchemsha uliokauka vizuri, kisha ndizi mbichi za kuchemsha. Vyote viwili ni vizito, havimeguki, na utamu wao wa mbali unapatana na chumvi ya jibini kuliko mkate. Uma wa kuchovya usiguse midomo: chakula kivutwe kwa meno au kishushwe kwenye sahani. Kila mara mtu anapochovya, aukokote uma hadi chini ya chungu kwa mwendo wa namba nane. Huko ndiko kukoroga, na wawili wanaopokezana wanakuwa wamekifanyia chungu kazi yote kinachoihitaji. Mtu akiongea na simu kwa dakika tano huku mwenzake akisubiri kwa adabu, chungu huanza kushika chini, na ndiyo sababu nawaomba wageni wangu, kwa heshima zote, waziweke simu mbali.

Kuhusu kinywaji, nina furaha kuwapa jibu lililopimwa. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha jaribio la Zürich ambamo watu 20 walikula fondyu wakinywa divai nyeupe au chai ya rangi. Divai ilichelewesha tumbo kujimwaga kuliko chai, na pombe kali iliyonywewa baada ya mlo ilizidisha ucheleweshaji huo. Chai ya rangi iliyo moto, yenye tangawizi na isiyo na sukari nyingi, ndiyo ninayoiweka mezani, na sioni kwamba wanaoinywa wamekosa chochote.

Kama chungu cha pili ni cha samaki, ninaandaa supu badala ya mafuta. Mafuta ya kukaangia mezani yana nyuzi 180 hivi, na kwenye meza ndogo ya wawili, mkono mmoja ukiteleza, usiku huo huishia hospitali. Supu yangu ina nyanya, kitunguu, tangawizi, mchaichai na kijiko kimoja cha mawese kwa rangi na harufu. Ndani yake huchovywa kuhe, samaki wa Ziwa Tanganyika peke yake, ambaye nyama yake nyeupe na imara haimeguki kwenye uma kama ya mgebuka. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka katika takriban nyuzi 97, joto linalotosha kabisa. Kipande cha ukubwa wa sentimita 2 kikae dakika tatu, hadi katikati pasiwe na sehemu inayong'aa. Samaki wa maji baridi asiliwe mbichi wala nusu mbichi. Sahani na uma wa samaki mbichi vitenganishwe na vya kulia, na sharti hili silegezi kwa mgeni yeyote.

Wanaochagua chokoleti wanahitaji maelezo machache. Ninayeyusha chokoleti nyeusi katika krimu ya moto yenye uzito sawa na chokoleti, nikaongeza asali ya miombo, ambayo Tabora na Kigoma zimebarikiwa nayo. Matone machache ya maji yakiingia katika chokoleti tupu huigeuza kuwa udongo mkavu, lakini ikishachanganywa na krimu haina hofu hiyo. Hata hivyo, embe na nanasi nazipangusa kwanza, kwa sababu chokoleti haishiki tunda lenye maji. Hapa mshumaa mdogo unatosha.

Jibini ikikaribia kuisha, hubaki utando wa kahawia chini ya chungu. Waswisi huuthamini sana, nami pia. Zimeni moto dakika mbili kabla, muung'oe kwa kisu butu na kuugawana. Ukionekana mweusi na kutoa harufu ya kuungua, uacheni. Chungu kilichobaki na jibini kilowekwe katika maji baridi usiku kucha, maana maji ya moto huigandisha protini kwenye udongo na kesho yake mnaihangaikia kwa chuma, mkaukwaruza udongo.