Kazi za Google si za "vichwa" tu

Hapa Tanga, kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, utasikia: Google si ya watu wa huku, wanachukua wenye digrii za Marekani na akili za ajabu. Kijana anafunga kompyuta, ombi halitumwi.

Matangazo yenyewe husema vingine. Sifa za lazima hutenganishwa na sifa za ziada, na asiye na hizo za ziada bado anaruhusiwa kuomba. Panapotajwa digrii, mara nyingi hufuata maneno "au uzoefu wa kazi unaolingana nayo". Vile vitendawili vya usaili navyo, yaani maswali ya mafumbo ya kupima akili, mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu wa Google, alikiri kwamba havitabiri lolote. Sisi bado tunatishana navyo!

Na ile hofu ya "nimebahatisha tu", ya mtu kujiona hastahili hata akifaulu, wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliieleza mwaka 1978, baada ya kuikuta kwa wanawake waliokwishafaulu, baadhi yao wenye shahada za uzamivu. Usaili wa uhandisi hupima kuandika programu na kueleza unavyofikiri. Hayo hufanyiwa mazoezi hata Chumbageni, bando likiwepo.