Komba uani, popo chumbani: maswali na majibu kwa anayetaka kumwokoa mnyama wa porini mjini

Anayeishi Mbezi (Dar es Salaam), Nyali (Mombasa) au Fuoni (Unguja) hana haja ya kwenda mbugani ili akutane na mnyama wa porini. Komba wanalia usiku kwenye miembe, tumbili wanapita juu ya mabati, popo wanagombania mapera. Mvua kubwa au waya wa umeme ukimwangusha mmoja wao, mara nyingi anayemfikia kwanza ni mtoto wa nyumba hiyo. Tunawapenda wanaosimama kusaidia. Tunachowaomba ni kitu kimoja: msimshike mnyama kwa mkono mtupu. Mnyama akikung'ata, wewe unaingia kwenye hatari ya kichaa cha mbwa, na yeye huenda akauawa ili ubongo wake upimwe. Kwa hiyo kuepuka kung'atwa ni kumlinda na yeye pia.

Nimemkuta mtoto wa komba chini ya mwembe asubuhi. Nimwokote?

Mwangalie kwanza kwa mbali, hatua kumi hivi. Mama komba ana kawaida ya kumwacha mtoto kwenye tawi akaenda kutafuta chakula, kisha humrudia na kumbeba kwa mdomo. Lakini komba hutembea usiku, kwa hiyo usitegemee mama ashuke saa nne asubuhi. Kama mtoto hana jeraha, mfunike kwa taulo, mtie kwenye boksi, umweke kivulini pasipo kelele. Magharibi ikikaribia, funga boksi hilo kwenye shina la mti uleule, juu ya urefu wa mtu, likiwa wazi upande wa juu. Fungia mbwa na paka, zima taa ya uani. Kagua pia kama kuna siafu au sisimizi kwenye shina, maana wanaweza kummaliza kabla mama hajafika. Kukikucha bado yumo, mama hatakuja tena na mtoto anahitaji wataalamu.

Usisubiri usiku ukiona damu, mguu unaoning'inia, mayai meupe ya inzi kwenye manyoya, alama za kuungua kwa umeme, au kama paka alimbeba mdomoni. Hili la paka wengi hulipuuza kwa sababu hawaoni damu. Meno ya paka ni membamba. Tundu hujifunga juu na vijidudu hubaki ndani, na kiumbe mdogo hufa siku moja au mbili baadaye asipopewa antibiotiki.

Kinda la ndege lenye manyoya kamili linalorukaruka chini kwa kawaida liko kwenye mafunzo ya kuruka, wazazi wako karibu. Lililo uchi lirudishwe kiotani. Si kweli kwamba ndege humkataa mtoto wake kwa sababu ya harufu ya binadamu.

Namkamataje bila kuumia?

Andaa kila kitu kabla hujamsogelea: boksi la kadibodi lililo kubwa kumpita mara mbili, lililotobolewa matundu ya upana wa penseli kwenye pande zake, taulo nene, glovu za ngozi za fundi wa kuchomelea au za bustani, utepe wa gundi. Glovu za mpira za hospitalini hazizuii jino, zinakukinga na mate na mkojo tu.

Msogelee ukiwa umeinama, bila kuongea. Mrushie taulo limfunike mwili mzima pamoja na kichwa, kwani giza humtuliza. Kusanya taulo kutoka pembeni ukimbeba kama kifurushi, umtie ndani pamoja na taulo lake, ufunge. Kwa mnyama mdogo sana kuna njia bora zaidi: mfunikie boksi tupu, kisha pitisha kadibodi ngumu chini yake polepole.

Komba ana jambo moja la kulijua. Hukojolea viganja vyake na kuzipaka nyayo mkojo huo, pengine ili ashike matawi vizuri, kwa hiyo akikushika tu tayari una mkojo wake mkononi. Nawa kwa sabuni, hata kama hakukukwaruza.

Bundi anayekutwa chini mchana mara nyingi hupigwa mawe kwa imani za uchawi, na inasikitisha, kwa sababu ndiye anayetumalizia panya wa mtaa. Kwake, cha kuogopa ni kucha. Funika kwa taulo, shika miguu yote miwili juu ya vidole, ndipo umwinue.

Tumbili mkubwa, kenge na nyoka wa aina yoyote usijaribu kabisa. Tumbili ana meno marefu ya pembeni yanayopasua hadi mfupa wa kidole, na kundi lake litakuja kumtetea.

Nimpe maziwa?

Hapana. Maziwa ya ng'ombe humharisha, na kwa mtoto aliyekwisha pungukiwa na maji kuhara ndiko kunakomuua. Usimtilie maji mdomoni kwa kijiko wala bomba la sindano. Yanaingia kwenye mapafu. Ndege hasa, njia yake ya hewa iko nyuma tu ya ulimi.

Anachohitaji kwanza ni joto. Jaza chupa ya nusu lita maji ya moto ambayo mkono wako unaweza kuyavumilia, izungushie kitambaa, uiweke upande mmoja wa boksi ili akiona joto limezidi asogee upande wa pili. Badilisha maji kila yanapopoa. Akiwa macho na ameshika kichwa vizuri, mwekee maji safi kwenye kifuniko cha chupa, basi. Chakula kitasubiri saa chache hadi afike kwa daktari wa wanyama.

Popo ameingia chumbani usiku. Tufanyeje?

Zima feni ya darini kwanza, maana ndiyo humvunja mbawa. Toa watu, funga mlango wa ndani, fungua madirisha pamoja na nyavu zake, zima taa. Wengi hutoka wenyewe ndani ya nusu saa. Akitua ukutani, mfunikie kopo la plastiki, pitisha kadibodi nyuma yake, ukamwachie kwenye gome la mti. Usimwache sakafuni wala kwenye nyasi, kwani popo wa aina nyingi hawawezi kuruka kutoka chini.

Kuna swali la afya ambalo lazima mjiulize: je, kuna mtu alikuwa amelala humo? Jeraha la popo mdogo linaweza kuwa dogo kama ncha ya sindano, na asubuhi halionekani. Kama ni mtoto mdogo, mlevi, au mtu asiyeweza kueleza kilichotokea, hesabuni kwamba ameguswa na mwende hospitali. Mwaka 2007 mwanamke kutoka Uholanzi alikwaruzwa usoni na popo mdogo akiwa kambini Tsavo Magharibi, Kenya. Hakuchanjwa. Wiki chache baadaye, akiwa amerudi kwao, aliugua na kufariki kwa kirusi cha Duvenhage, ndugu wa karibu wa kirusi cha kichaa cha mbwa. Popo aliyepita tu angani bila kumgusa mtu hana madhara, na hakuna sababu ya kuchoma moto mti wanamolala.

Nimeng'atwa. Nifanye nini sasa hivi?

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, kwa sababu dakika mbili za maumivu huonekana kama kumi. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine kwa kata kutoka kwenye ndoo ya lita 20 na wewe usugue. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha. Kirusi cha kichaa kimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja. Ndiyo maana uoshaji huu wa nyumbani ni sehemu ya tiba yenyewe. Kisha paka iodini au spiriti ya asilimia 70.

Usipake pilipili, tumbaku, majivu, mafuta ya breki wala maji ya betri. Vyote hivyo huunguza nyama, na kirusi kinabaki pale pale. Usifyonze, na usikubali jeraha lishonwe haraka, kwani sindano hukisukuma kirusi ndani na usaha hukosa pa kutokea. Likilazimika kushonwa, imunoglobulini (dawa yenye kingamwili zilizo tayari) itangulie.

Halafu nenda hospitali siku hiyohiyo. Jeraha lisilotoa damu huhitaji chanjo. Jeraha lililotoboa ngozi, mate yaliyoingia jichoni au mdomoni, na mguso wowote wa popo, huhitaji chanjo pamoja na imunoglobulini inayochomwa ndani na kuzunguka jeraha: yuniti 20 kwa kila kilo ikiwa ni ya binadamu, 40 ikiwa ni ya farasi. Mtu wa kilo 60 atahitaji yuniti 1,200 za ile ya kwanza. Kama haipo siku hiyo, anza chanjo usingoje; bado inaweza kutolewa ndani ya siku 7 tangu sindano ya kwanza.

Chanjo ya kwenye msuli hutolewa siku ya 0, 3, 7, na ya mwisho kati ya siku ya 14 na 28. Ya kwenye ngozi hutolewa sehemu mbili za mwili siku ya 0, 3 na 7. Siku ya 0 ni siku ya sindano ya kwanza. Ya msuli ichomwe begani, au pajani kwa mtoto mdogo; makalioni haifanyi kazi vizuri. Uliza pia kuhusu pepopunda. Mjamzito huchanjwa vilevile.

Si tungesubiri siku kumi tuone kama mnyama atakufa?

Utaratibu huo ni wa mbwa na paka wanaofugwa na wanaoonekana wazima, na hata kwao chanjo huanza mara moja. Kwa mnyama wa porini haupo. Mtu naye anaweza kukaa miezi miwili au mitatu, wakati mwingine mwaka, bila dalili yoyote. Dalili zikishaanza, karibu wote hufa. Mnyama akifa au akiuawa, usipondeponde kichwa wala kumgusa. Ijulisheni ofisi ya mifugo ili apimwe.

Swila amenitemea machoni.

Suuza jicho kwa maji mengi safi dakika 20, ukilifungua kwa vidole na kulizungusha huku na huku. Maziwa yatumike tu pale maji hayapo. Usisugue. Hospitali watatia rangi maalumu kuona kama kioo cha jicho kimechubuka na kukupa dawa ya kuzuia maambukizi. Sumu ikiwa imeishia jichoni tu, sindano ya kuzuia sumu ya nyoka haihitajiki. Usitumie matone yenye steroidi yaliyobaki nyumbani, yanaweza kuliharibu jicho zaidi.

Darini kumejaa kinyesi cha popo. Nifagie?

Usifagie kikiwa kikavu, vumbi lake hubeba ukungu unaoshambulia mapafu. Vaa barakoa, kilowanishe kwa jiki: ikiwa lebo inasema asilimia 3.5, changanya kikombe 1 na vikombe 6 vya maji. Acha dakika 10, kisha zoa. Ziba tundu baada ya popo kutoka usiku, si wakati watoto wao wasioruka wamo ndani.

Naweza kumlea mwenyewe?

Sheria ya wanyamapori ya Tanzania Bara ya mwaka 2009 na ya Kenya ya mwaka 2013 zinataka kibali. Na kiafya, mtoto wa tumbili anayekumbatia shingo yako leo atakuwa anang'ata akifika miaka minne au mitano, na wewe unaweza kumwambukiza kifua kikuu. Mpeleke kwa ofisi ya wanyamapori: Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) au ofisa maliasili wa wilaya kwa Tanzania Bara, Shirika la Wanyamapori (KWS) kwa Kenya. Andika mtaa na mti ulipomkuta, kwa sababu akipona atarudishwa hapohapo.

Anayefanya kazi hii mara kwa mara apate chanjo ya kinga mapema, siku ya 0 na ya 7. Akija kung'atwa baadaye, bado ataosha dakika 15, lakini atahitaji sindano mbili tu, siku ya 0 na ya 3, bila imunoglobulini.