Ukilala Nje Kwenye Baridi, Anza na Kilicho Chini Yako

Kazi yangu ni kupeleka watu mlimani, na malalamiko ya asubuhi huwa ni yaleyale: "Hili begi la kulalia ni feki, nimetetemeka usiku kucha." Nalichukua, nalikung'uta, nasoma lebo yake. Mara nyingi begi halina kasoro yoyote. Kasoro iko chini ya begi, pale mgongo ulipokutana na ardhi.

Begi la kulalia halitoi joto hata chembe. Mwenye joto ni wewe. Mtu mzima aliyelala huzalisha takriban wati 80, na vitu vyote unavyobeba, yaani begi, nguo, godoro na hema, kazi yake ni kulichelewesha joto hilo lisikuponyoke haraka kuliko unavyolitengeneza. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue begi gani, mimi humuuliza kwanza analala juu ya nini.

Begi hukutia joto kwa hewa iliyonaswa katikati ya manyoya ya bata au nyuzi za viwandani. Ukililalia, uzito wako unaikamua hewa hiyo yote. Jaribu mwenyewe: jilaze ndani ya begi, kisha mwombe mwenzako apenyeze mkono chini ya nyonga yako na abane kitambaa kwa vidole viwili. Juu ya kifua begi limefura kama chapati inayoiva; chini ya nyonga atakuta vitambaa viwili vya nailoni na kitu chembamba katikati, basi. Na ardhi haishibi. Hewa iliyotulia ndani ya hema unaweza kuipasha kidogo, lakini udongo wenye baridi utanyonya joto lako mpaka alfajiri na bado utataka zaidi.

Kinachozuia hasara hiyo ni godoro la kambi. Ubora wake hupimwa kwa thamani ya R, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo joto linavyopita kwa shida. Tangu 2018 kuna kipimo kimoja cha pamoja, ASTM F3340, kwa hiyo magodoro yaliyopimwa kwa njia hiyo unaweza kuyalinganisha bila wasiwasi hata kama watengenezaji ni tofauti. Godoro la kawaida la povu, lile la kukunja, lina R ya karibu 2. Hiyo inatosha usiku wa ubaridi wa kawaida, lakini penye jalidi mimi nataka 4 au zaidi, na juu ya theluji 5 kwenda juu. Uzuri ni kwamba thamani hizi hujumlishika: povu la 2 chini ya godoro la upepo la 3 linakupa 5. Pia povu halitoboki, jambo linaloonekana dogo mpaka saa nane usiku godoro la upepo litakapoishiwa pumzi. Godoro la upepo tupu, lisilo na kitu chochote ndani, usilitegemee kwenye baridi hata likiwa nene kiasi gani, kwa sababu hewa iliyo ndani huzunguka na kubeba joto lako kulipeleka chini.

Sasa zile namba za nyuzijoto zilizoandikwa kwenye begi. Lebo zinazofuata kipimo cha ISO 23537 huwa na namba tatu, na watu husoma ile inayowapendeza. Ya kwanza, ya starehe, ni kiwango ambacho mwanamke wa kawaida hulala bila kusikia baridi. Ya pili, ya kikomo, ni ya mwanamume wa kawaida aliyejikunyata, anayeweza kumaliza saa nane za usingizi bila kuamshwa na baridi. Ya tatu, ya hatari, inahusu kunusurika tu, usiinunulie begi. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: begi hupimwa kwa sanamu yenye vipasha joto, iliyovishwa nguo za ndani na soksi, na ikalazwa juu ya godoro. Ukilaza begi hilohilo kwenye turubai, namba za lebo si zako tena.

Mahali pa kulala huamua mengi kabla hujafungua mkoba. Usiku hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka na kutuama bondeni. Kupanda mita chache tu kwenye mteremko kunaweza kukuondoa ndani ya hilo dimbwi. Mbingu zikiwa wazi, ardhi hupoteza joto lake kwenda juu moja kwa moja. Ukilala chini ya matawi unapunguza hasara hiyo, na asubuhi hema litakuwa na umande mchache. Angalia tu kwamba hakuna tawi kavu juu ya kichwa chako.

Unyevu ni adui wa kimyakimya. Manyoya ya bata yakilowa hulala chapa na kupoteza karibu nguvu yake yote. Nyuzi za viwandani huvumilia zaidi. Maji mengi yanayolowesha begi hutoka kwako, si kwenye mvua. Kwa hiyo usizamishe uso ndani ya begi na kupumulia humo, hata pua ikiganda. Funga mdomo wa begi ubaki uwazi wa pua na mdomo tu, kichwani vaa kofia ya sufu, na uache kidirisha cha hema wazi kidogo. Wapo wanaobisha hapo: nifungue hema wakati nasikia baridi? Ndiyo, fungua. Hema kavu lenye ubaridi ni afadhali kuliko hema linalokudondoshea matone.

Nguo ulizotembea nazo mchana zina jasho, hata kama mkono wako hausikii kitu. Zivue zote, soksi kwanza, uvae kavu ulizozitenga kwa kulalia tu. Na ule uvumi kwamba ukilala uchi ndani ya begi utapata joto zaidi, achana nao. Tabaka kavu huongeza joto ili mradi halikubani. Soksi tatu zilizokazana hubana damu na vidole vikazidi kuganda. Koti nene likikubana ndani ya begi, litandaze juu yake.

Ingia ukiwa na joto tayari. Kama ulikuwa umekaa unapiga soga na tayari unatetemeka, begi litahifadhi huohuo ubaridi wako. Chuchumaa na kuinuka mara kadhaa, tembea kwa kasi kuzunguka kambi, ila acha kabla ya jasho kutoka. Kula kitu chenye mafuta. Pombe iache: inafungua mishipa ya damu ya ngozini, unajisikia moto kwa muda huku joto la ndani likikimbia.

Chupa ya maji ya moto ni rafiki wa kweli, lakini ijue nguvu yake. Lita 1 ya maji ya nyuzi 90 ikipoa hadi nyuzi 37 inatoa takriban kilojuli 220, sawa na joto ambalo mwili wako uliolala huzalisha kwa dakika 45 hivi. Si nyingi, ila zinakuja wakati muafaka, unapoanza usingizi. Kaza kifuniko, igeuze juu chini kuona kama inavuja, ivishe soksi, uiweke katikati ya mapaja ambako mishipa mikubwa ya damu inapita. Miguuni inapendeza, mapajani inafanya kazi kubwa zaidi.

Jiko au mkaa ndani ya hema, hapana. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kulalamika.

Mkojo ukikubana, toka. Baridi yenyewe huongeza haja, kwa kuwa mishipa ya ngozini hujibana na damu hurudi ndani, figo zikapata kazi. Ukijizuia hulali, na saa za baridi kali zaidi, zile za kuelekea macheo, zitakukuta macho.

Kutetemeka ni mwili kujitetea, hivyo si dalili mbaya kwa yenyewe. Anayenitia hofu ni yule aliyeacha kutetemeka ilhali hajapata joto, anayeongea kwa kuburuta maneno au kuanza kuvua koti. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 hiyo ni haipothemia. Mtoe kwenye upepo, mvue vilivyolowa, mhami kutoka ardhini, mfunike, mshughulikie kwa upole bila kumsugua, na uite msaada wa uokoaji mapema.

Jua likitoka, geuza begi ndani nje na ulianike hata kwa nusu saa kabla ya kulifunga. Ukifika nyumbani, litoe kwenye kimfuko chake cha kubana na ulitundike.