Ivan Karamazov hakumuua baba'ake jamani

Huku Mwanjelwa wapenda riwaya kibao wanakomaa eti kwenye ile riwaya ya Dostoevsky, mwandishi wa Urusi, ya 1880, ya ndugu Karamazov, Ivan ndo muuaji, si anajuta mpaka anaugua? Hapana bana. Aliyeua ni Smerdyakov, mtumishi wa humohumo ndani, aliyehukumiwa ni Dmitri, kaka'ake Ivan. Ivan yeye alisepa zake Moscow huku anahisi kabisa kuna jambo, na usiku wa kuamkia safari alitoka ngazini kimyakimya akawa anamsikilizia mzee anavyozunguka huko chini, baadae mwenyewe anakiona hicho ndo kitendo kichafu kuliko vyote maishani mwake (na mi naona yuko sahihi). Mahakamani kaja na zile rubo 3,000 (hela ya Urusi) Smerdyakov alizomwibia mzee, akajisema, wakamuona kachanganyikiwa.