Mahale haikuwa pori tupu

Ukishuka na boti kutoka Kigoma mjini kuelekea kusini katika Ziwa Tanganyika, utaambiwa kuwa Mahale lilikuwa pori lisilo na mwenyewe hadi hifadhi ilipotangazwa mwaka 1985. Si kweli. Watongwe waliishi humo katika vijiji vidogo vilivyotawanyika, wakilima kwa kuhamahama, wakivua na kuwinda. Mlima Nkungwe ulikuwa mahali pao pa matambiko. Alama bado zipo: miembe, mipera na milimau katika mahame yao, ambayo leo sokwe ndio wanaokula matunda yake. Mlimau si mti wa asili wa misitu hii; kuna mtu aliupanda.

Wengi waliondoka kwa Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu katika vijiji vya pamoja, miaka ya 1970, na hapo ndipo madai ya ardhi ya babu hukwama. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kilihalalisha ugawaji wa ardhi uliofanyika kati ya 1970 na 1977, na haki za waliotangulia zikafutwa.

Mpaka wa hifadhi hauishii ufukweni. Unaingia ziwani kilomita 1.6, na kuvua humo ni marufuku. Mvuvi wa dagaa aliyewasha taa nje ya mstari anaweza kusukumwa na upepo hadi ndani kabla hakujakucha.

Wapo wanaotegemea BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) iwadaie eneo. BMU ipo kwa Sheria ya Uvuvi ya 2003, kusimamia rasilimali za uvuvi. Si ushirika, huo husajiliwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika.