Mtihani wa darasa la saba: anzia kwenye rejista, si kwenye WhatsApp

Kila usajili wa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda, unapokwisha, idara yetu ya elimu hapa wilayani hupata wageni wa aina mbili. Wa kwanza ni mzazi aliyegundua kwamba jina la mtoto wake limekosewa. Wa pili huja na simu mkononi, akafunga mlango nyuma yake na kuninong'oneza: "Mkaguzi, hebu nitazamie karatasi hii, ni ya kweli?" Nawaandikia wote wawili, ingawa nakiri kwamba huyu wa kwanza ndiye ninayemwonea huruma.

Kabla ya hayo, kuna uvumi wa mpakani, hasa Busia na Malaba, kwamba mtihani huu umefutwa. Kenya ilifanya KCPE, mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi, kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Hiyo ni Kenya. Uganda tungali na PLE, na UNEB, baraza la taifa la mitihani, ndiyo inayoitunga na kuisahihisha. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 ni wa sekondari ya chini. Haukufuta mtihani wa darasa la saba. Wapo wazazi waliowaambia walimu wasiwasumbue na usajili kwa kuwa "mitihani imeondolewa". Nawaomba, jambo likisikika sokoni, liulizwe shuleni kabla ya kuaminiwa.

Sasa rejista. Anayemsajili mtoto ni mwalimu mkuu, kupitia mfumo wa UNEB wa mtandaoni. Si mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), si mimi, wala si jamaa yako mwenye rafiki Kampala. Watoto wa UPE, mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote, hulipiwa ada ya usajili na serikali. Wa shule binafsi hulipiwa na wazazi wao. Kwa hiyo mzazi wa UPE akidaiwa "pesa ya UNEB" ana haki ya kuuliza ni pesa gani, na kuuliza kwa sauti. Majina yakishaingizwa, shule hubandika orodha ili wazazi waikague. Nenda mwenyewe. Usimtume kaka yake aliye na haraka ya kurudi kwenye boda boda. Linganisha herufi kwa herufi na cheti cha kuzaliwa: jina la ukoo, jina la kupewa, jinsia, tarehe ya kuzaliwa. Khadija, Hadija na Hadijah nyumbani ni mtoto mmoja, lakini kwenye kompyuta ni watu watatu. Kosa likionekana, mpelekee mwalimu mkuu nakala ya cheti wakati dirisha la marekebisho lingali wazi. Likishafungwa, kilichobaki ni safari, barua na gharama, na kitambulisho cha taifa kikija kusoma tofauti na hati ya matokeo, mwenye kuhangaika atakuwa mtoto.

Kuna la watoto wenye ulemavu pia, na hili hunikera. UNEB huandaa karatasi za nukta nundu, karatasi za maandishi makubwa na wakalimani wa lugha ya alama, na mtahiniwa mwenye uhitaji huongezewa dakika 45. Yote hayo hupangwa mapema, mahitaji yakielezwa kwenye usajili. Mzazi hunyamaza kwa aibu miezi kumi, kisha asubuhi ya mtihani humshika msimamizi mkono: "Huyu haoni vizuri." Msimamizi hana mashine ya kuchapia mfukoni.

Nikija kwa mwenye simu. Karatasi za PLE hutunzwa kwenye makontena katika vituo vya polisi, na bahasha hufunguliwa mbele ya watahiniwa wenyewe. Zile zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp wiki mbili kabla huwa mara nyingi ni mtihani wa majaribio wa wilaya nyingine, uliobadilishwa kichwa tu. Lakini hata ikiwa bandia, umeshaingia hatarini, kwa sababu hujui unashika nini. Sheria ya UNEB ya mwaka 2021 inasema anayeshika karatasi ya mtihani kinyume cha sheria, au kuitoa kwa wengine, anaweza kutozwa faini isiyozidi pointi 2,000 za fedha. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo tunazungumzia shilingi milioni 40, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Upande wa mtoto kuna adhabu nyingine: matokeo huzuiwa, kituo huitwa kujieleza mbele ya kamati ya UNEB, na ushahidi ukitosha matokeo hufutwa. Darasa zima laweza kukaa likisubiri kwa sababu ya mzazi mmoja aliyetaka kumsaidia mwanawe.

Msaada wa kweli hauna siri. Chukua Hisabati. Sehemu A ina maswali 20 yenye alama 40, sehemu B maswali 12 yenye alama 60. Kikokotoo hakiruhusiwi, karatasi ya kuchorachora haitolewi, na hatua zote za hesabu zinatakiwa kuonekana kwenye nafasi iliyoachwa. Mtoto aliyezoea kufanya hesabu kiganjani na kuandika jibu tu hupoteza alama ambazo angezipata hata jibu likikosewa. Basi nyumbani usimuulize "umepata ngapi?" Muulize "umefikaje hapo?" Huhitaji kujua hesabu, ukiona amekwama kukueleza, mwalimu wake ajulishwe. Majibu huandikwa kwa wino wa buluu au mweusi, michoro kwa penseli. Inaonekana jambo dogo mpaka umwone mtoto aliyechora moyo na mishipa yake kwa kalamu, akakosea, akafuta kwa mate, karatasi ikatoboka.

Kiingereza ndicho kizito zaidi katika nyumba zetu zinazozungumza Kiswahili, Arua, Bombo, Kasese na kwa ndugu zetu waliotoka Kongo. Sayansi na Maarifa ya Jamii nazo zimeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto anajua vizuri kwa nini tunachemsha maji ya kunywa, lakini swali limemtaka atoe sababu, yeye akaeleza hatua. Hakukosa sayansi, amri ya swali ndiyo iliyomshinda. Kaa naye na karatasi ya miaka iliyopita, asome swali, kisha akuambie kwa Kiswahili ameombwa nini na vitu vingapi. Asijibu kwanza. Maswali kumi hivyo kila jioni yatamfaa kuliko kukariri kitabu cha majibu, maana watahiniwa wengi hufanya vizuri kwenye maswali ya kukumbuka na kuanguka kwenye yale ya kutumia walichojifunza.

Usiku alale. Shule zinazowaamsha watoto saa kumi alfajiri kwa "maandalizi" zinapika usingizi wa mchana darasani. Na ale: Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaweka chakula cha mtoto mikononi mwa mzazi, hata kama ni uji kwenye chupa. Viboko vya "kumtia makali" ni kosa chini ya marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016: mwalimu anaweza kufungwa hadi miaka mitatu au kutozwa faini isiyozidi pointi 100, yaani shilingi milioni mbili, au vyote. Mzazi anayemruhusu mwalimu kumchapa hambadilishii mwalimu sheria.

Na tuache kuhesabu agrigeti 4 (jumla ya madaraja ya masomo manne, ndogo ndiyo bora) kana kwamba ndiyo pekee ya kufaulu. Divisheni ya kwanza huanzia 4 hadi 12, ya pili 13 hadi 23. Nimewahi kumkuta mtoto wa agrigeti 14 amefichwa jikoni wageni wasimwone. UNEB haipangi shule kwa nafasi. Orodha hizo ni za magazeti.

Andika namba ya mtahiniwa ya mwanao mahali panye usalama nyumbani, tangu leo. Matokeo yakitangazwa, andika PLE, acha nafasi, weka namba hiyo, tuma kwenda 6600. Wanaonipigia usiku wakiomba niyachungulie kabla hayajatangazwa, simu hizo sizipokei.